Unataka kula kwa chesi? Soma hii kabla hujaacha kazi

Mesej ya aina hii naipata karibu kila wiki: "Braza, mi niko 1900 kwenye simu, nataka niwe profeshno wa chesi, naanzia wapi?" (Hiyo 1900 ni reitingi, namba inayopima uwezo wa mchezaji.) Wazazi nao wapo, hao wanaandika kwa adabu zaidi, "Mwalimu habari za saa hizi, mwanangu ana miaka 9 na anamfunga baba yake na wajomba zake wote, tufanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo leo nayamwaga yote hapa, na naongea kama mtu aliyejaribu akafika sehemu akakwama, sio kama bingwa.

Tuanze na hela maana ndo swali ambalo kila mtu analizunguka. Desemba 2024 kule Singapore, Gukesh wa India akiwa na miaka 18 alimvua Ding Liren ubingwa wa dunia, mfuko wa zawadi ulikuwa dola milioni 2.5, wakagawana watu wawili. Ukiona hiyo unaandika barua ya kuacha kazi. Sasa shuka ngazi moja tu. Mwaka uleule, Toronto, yalichezwa mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa, wanaume 8 waliochujwa dunia nzima, na zawadi ya aliyeshika namba moja ilikuwa euro 48,000, mbali na malipo ya kila nusu pointi. Hela nzuri ndio, lakini huyo ni namba moja katika wanane bora, na kwenye hiyohiyo analipa watu waliomsaidia kujiandaa miezi mizima. Shuka ngazi nyingine tatu nne unafika kwenye mashindano ya wazi ya kawaida ambako unakuta Grandmasta mzima (mwenye taji la juu kabisa la chesi) kacheza siku tisa anagawana zawadi na wenzake sita waliofungana pointi, anabaki na hela ya wiki mbili.

Kwahiyo elewa mapema, profeshno wengi duniani hawaishi kwa zawadi. Wanaishi kwa mialiko (mwandaaji anamlipia Grandmasta hoteli na kumsamehe kiingilio, wewe usiye na taji unalipa vyote viwili), kwa vilabu vya Ulaya kama vile vya Bundesliga ya chesi ya Ujerumani ambavyo vinamlipa mchezaji kwa mechi, kwa kufundisha, kwa video, na vijana kwa kusomeshwa chuo bure. Milango yote hiyo inafunguliwa na kitu kimoja, taji. Ndo maana kila nitakachosema hapa chini kinahusu namna ya kupata taji bila kufilisika njiani.

Hatua ya kwanza ni ndogo na watu wengi hawajaifanya: nenda kwenye chama cha nchi yako ujisajili upewe namba ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Tanzania kuna Tanzania Chess Association, Kenya kuna Chess Kenya, Uganda ni Uganda Chess Federation. Bila hiyo namba mechi zako hazihesabiki popote, hata umfunge nani. Na ile 1900 yako ya simu weka pembeni kabisa. Lichess, tovuti ya kucheza chesi mtandaoni, kila mgeni anaanza na 1500, FIDE hakuna wa kukupa kitu, unatafuta mwenyewe mezani kwa masaa manne matano, karatasi ya kuandikia hatua mkononi.

Reitingi ya kwanza unaipata ukishacheza mechi 5 na watu wenye reitingi, sio lazima ziwe kwenye tonamenti moja, wanakukusanyia ndani ya miezi 26. Tangu Machi 2024 sakafu, yaani reitingi ya chini kabisa, ni 1400, zamani ilikuwa 1000. Siku ileile waliwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000 kwa hesabu maalumu, kwa sababu reitingi za chini zilikuwa zimeoza, watoto wanajifunza kwenye intaneti kwa kasi halafu namba zao hazipandi. Bado tatizo halijaisha huku kwetu. Utakaa na dogo wa Nairobi kavaa sare ya shule, karatasi inasema 1500, unamdharau, kufika hatua ya 20 unatafuta pa kujificha.

Halafu jifunze hesabu ya K (namba inayoamua reitingi ipande au ishuke pointi ngapi kwa mechi) maana ndo inaamua safari yako inaenda mwendo gani. Mgeni anahesabiwa kwa K ya 40 mpaka amalize mechi 30. Kijana anabaki na hiyo 40 mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza 18, alimradi hajafika 2300. Baada ya hapo ni 20, na ukigusa 2400 inakuwa 10 moja kwa moja hata ukishuka. Maana yake ni hii: ukiwa na 40 ukimfunga mtu wa kiwango chako unavuna pointi 20, mwenye K ya 20 anavuna 10 kwa kazi ileile. Kwahiyo mzazi mwenye mtoto wa miaka 12 na akiba kidogo, tumia sasa hivi, mpeleke mtoto acheze. Ukisema umngoje amalize fom foo umemwongezea urefu wa safari mara mbili.

Mazoezi sasa. Hapa ndo naona watu wanapoteza miaka. Blitzi ya dakika 3 usiku mzima kitandani sio mazoezi, ni kama kucheza drafti kijiweni kwa vizibo vya soda, inapendeza, unacheka, na unarudi nyumbani na makosa yaleyale. Mi ratiba iliyonipandisha kutoka kwenye kufungwa na kila mtu mpaka kuheshimika ilikuwa ya kuchosha kwelikweli: saa moja asubuhi mafumbo ya mbinu, na sheria ni kwamba hugusi kete mpaka umeona mwisho wa mstari kichwani. Jioni mechi yangu moja niliyocheza, naipitia nikiandika kwa kalamu nilikuwa nawaza nini kila hatua, NDIPO nawasha injini, yaani programu ya kuchambua chesi. Stockfish ni ya bure na inamfunga bingwa wa dunia ikiwa kwenye simu ya kawaida tu, kwahiyo ukiiwasha mapema ubongo unakaa kiti cha nyuma kama abiria. Andika kwanza, ukosee, halafu ikuumbue.

Mwisho wa mchezo usiukimbie. Mfalme na askari, halafu ngome na askari, pozisheni ya Lucena (ya kushinda) na ya Philidor (ya kujilinda ukiwa nyuma) uzijue hata ukiamshwa usingizini. Nusu pointi nyingi nilizookota Nairobi zilitoka hapo, mwenzangu kafika hatua ya 60 yuko mbele askari mmoja lakini hajui kushinda, mi najua kujilinda, tunashikana mikono sare na anaondoka ananung'unika. Ufunguzi usikuumize kichwa, chagua mmoja wa weupe na miwili ya weusi, mmoja wa kumjibu anayeanza na askari wa mfalme na mwingine wa kumjibu anayeanza na wa malkia, Caro-Kann kwa mfano ni imara na haina mitego mingi ya kukariri, kaa nayo miaka miwili mitatu. Nawajua watu wanabadilisha ufunguzi kila wanapofungwa, kama wanaobadilisha laini za simu.

Nidhamu ya mezani. Kijiweni unapiga kelele, unamtania mwenzako, unarudisha kete. Ukumbini ukigusa umecheza, kama ni kurekebisha tu kete iliyokaa vibaya sema kabla ya kugusa. Hatua isiyo halali mara ya kwanza kwenye mechi ndefu mwenzako anaongezewa dakika 2, ya pili umefungwa. Simu ikikutwa mfukoni mwako mechi imeisha, hata kama ni mama alikuwa anauliza umekula. Na kuhusu kula, mechi ya saa nane mchana usiingie na sahani ya pilau tumboni, nilifanya hivo mara moja, kufika hatua ya 15 napiga miayo na mpinzani ananiangalia kwa huruma. Ndizi mbili, karanga, maji. Mashindano yetu mengi yanabana raundi mbili mpaka tatu kwa siku ili kuokoa gharama za ukumbi, kwahiyo kukimbia asubuhi sio anasa, raundi ya jioni anashinda mwenye pumzi.

Usiku kabla ya raundi angalia upangaji kwenye tovuti ya Chess-Results, mashindano mengi yanawekwa pale, unajua unakutana na nani na una rangi gani, unamtafuta kwenye databesi. Kama hana mechi hata moja lala mapema.

Sasa taji, na hapa nisikilize vizuri. Kuna njia ya namba tupu: Candidate Master ni 2200, FIDE Master ni 2300, ukifika tu umepata. Kwa wanawake yapo mataji yao, yanaanzia 2000 mpaka Grandmasta wa wanawake 2300 na nomu. Mataji ya juu, Intanashino Masta na juu yake Grandmasta, yanataka nomu. Nomu ni tonamenti ya raundi 9 ambayo umecheza kama mtu wa kiwango cha lile taji. Kwa Intanashino Masta uchezaji wako uwe 2450, kwa Grandmasta 2600, unatakiwa nomu tatu zenye jumla ya mechi 27, na reitingi yako iguse 2400 au 2500. Sio hivo tu, wapinzani wako nao wanapimwa: kwa nomu ya Grandmasta wastani wao uwe 2380, angalau theluthi wawe Magrandmasta, na wasiwe wote wa nchi moja. Soma tena sentensi hiyo halafu jiulize tonamenti gani Dar itakukutanisha na Magrandmasta watatu. Unaweza ukawashinda wote Tanzania, Kenya na Burundi mwaka mzima bila kupoteza na usipate hata robo ya nomu. Kipaji hakina kosa hapo, ni jiografia.

Ndo maana watu wanahamia kwenye nomu zilipo. Hungary na Serbia wanaandaa vikundi vidogo vya watu kumi, Magrandmasta watatu wamekodiwa, na wageni wanaotafuta nomu wanalipa kiingilio. Abhimanyu Mishra, mtoto wa New Jersey, alikaa Budapest miezi kadhaa mwaka 2021 anacheza moja akimaliza anaingia nyingine, tarehe 30 Juni akawa Grandmasta ana miaka 12 na miezi minne. Baba yake alikuwa naye muda wote. Mwafrika wa kwanza kusini mwa Sahara kuwa Grandmasta, Amon Simutowe wa Zambia, alipita njia ndefu zaidi: mwaka 2000 alishika nafasi ya pili ubingwa wa dunia wa vijana, chuo cha Texas kule Dallas kikamsomesha kwa ajili ya chesi, nomu ya mwisho akaichukulia Uholanzi 2007, taji lenyewe likaja 2009 kwa sababu ilibidi reitingi ifike 2500.

Kuna njia ya mkato na ni halali: bingwa wa Afrika anapewa taji la Grandmasta palepale. Kenny Solomon wa Cape Town alishinda ubingwa huo Windhoek, Namibia, Desemba 2014 akawa Grandmasta bila kuwahi kufika 2500. Ubingwa wa kanda nao una mataji ya chini yake, na sisi Afrika Mashariki tuko kanda ya 4.2. Siku hizi kuna kiwango cha chini cha reitingi lazima uwe nacho ili taji likamilike, kwahiyo soma kanuni za mwaka husika kabla ya kupanda basi. Ila hesabu yangu inabaki: kwa mtu wa huku mwenye bajeti ya safari moja kwa mwaka, weka hela kwenye ubingwa wa kanda au wa Afrika, sio kwenye tonamenti ya Ulaya ya kwenda kupiga picha. Uganda wameelewa hili mapema, wana Maintanashino Masta kama Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, na wote tunajua Ulaya haiko Kampala.

Olimpiadi ya chesi, mashindano ya timu za taifa, ni mlango mwingine, inakuja kila baada ya miaka miwili, timu ya watu watano kwa wanaume na watano kwa wanawake, malazi na chakula juu ya wenyeji, tiketi ya ndege juu ya chama chako (hapo ndo maombi yanaanza). Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alipata taji lake la Woman Candidate Master kwenye Olimpiadi ya Istanbul 2012, na baadae chesi ikampeleka chuo Marekani. Dada zangu mnaosoma hii, timu ya wanawake ina nafasi tano na wanaozigombea hapa kwetu ni wachache mno, mwaka mmoja wa kazi ya kweli unakuingiza kwenye ushindani.

Nauli. Mi nilikuwa napanda basi Dar mpaka Nairobi kupitia Namanga, unafika umevimba miguu, unalala kwa rafiki, kesho yake raundi mbili. Tonamenti moja nilishika nafasi ya nne, nikapewa bahasha mbele ya kamera, kufungua ndani hela haifiki nauli ya kurudi. Nyingine waliniambia zawadi itatumwa kwa simu wiki ijayo, hiyo wiki ijayo ilichukua miezi mitano. Nimejifunza: kabla ya kusafiri andika gharama zote, halafu jiulize nikikosa zawadi kabisa nitarudi salama? Kama jibu ni hapana usiende. Zawadi usiiweke kwenye bajeti hata siku moja. Na ukienda Ulaya anza viza mapema, Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) wanapokea maombi miezi 6 kabla ya safari, ada ni euro 90 na hawarudishi ukikataliwa, wanataka kuona akaunti ya benki yenye uhai, barua ya mwaliko, na sababu ya wewe kurudi nyumbani. Kiingilio cha tonamenti usilipe kabla viza haijatoka, mwombe mwandaaji akushikie nafasi, wengi wanakubali.

Kazi ya pembeni usiione aibu. Bassem Amin wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuvuka 2700, ni daktari wa watu kabisa. Kama yeye aliweza kubeba vyote viwili wewe ukiwa 1900 hujafika mahali pa kuacha duka la simu.

Na kazi ya pembeni iliyo karibu zaidi ni kufundisha. Shule nyingi za kulipia Dar, Arusha na Nairobi zinataka klabu ya chesi baada ya vipindi, hazikuulizi kama ni Grandmasta, zinauliza kama watoto watakaa kimya saa nzima. Anza na shule moja, bei iwe kwa muhula sio kwa siku, maana kwa siku watakata kila kuna mtihani, kila kuna mvua. FIDE wana vyeti vya walimu kuanzia Developmental Instructor kwenda juu, kozi fupi, na cheti kinaongeza bei hata kama uchezaji wako uko palepale. Ukishazoea ongeza wanafunzi wa intaneti, watoto wa ndugu zetu walioko Muscat, Minnesota, London, wazazi wanafurahi mwalimu akiongea Kiswahili, mtoto anajifunza vitu viwili kwa bei moja. Kazi ya uamuzi wa mechi (urefa) nayo inalipa kidogo na inakuingiza kila ukumbi bure.

Video pia. Mwenye chaneli ya chesi yenye wafuasi wengi kuliko zote, Levy Rozman, sio Grandmasta, ni Intanashino Masta. Kwa Kiswahili uwanja ni mweupe, mtu mwenye 1800 anayejua kuhadithia anaweza kukaa pale peke yake muda mrefu. Tatizo ni kwamba video zinakula muda wa mazoezi, mi mwaka niliorekodi sana nilishuka pointi 60, kwahiyo chagua msimu.

Kuiba kwa injini sitasema mengi. Igors Rausis alikuwa Grandmasta, ana miaka 58 reitingi inapanda kuelekea 2700, Julai 2019 Strasbourg akakutwa na simu chooni. Kafungiwa miaka 6 na taji wakamnyang'anya. Ukishikwa hata kwenye mechi ya simu ya usiku, yule mzazi wa Muscat ndo wa kwanza kusikia.

Cha mwisho, pasipoti. Iangalie leo, nchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele. Kuna mwenzetu alichaguliwa timu ya taifa, kafanya mazoezi mwaka mzima, kanunua na koti zito la mtumba soko la Karume, wiki ya safari ndo anagundua pasipoti imebakiza miezi minne. Akaenda mchezaji wa akiba. Koti akaenda nalo.